Chupa

Nilikuwa na miaka minane nilipogeuzwa chupa.

Uzi uliolowekwa chanjo ulitoka Bergen ndani ya bahasha,
ukatufikia mkavu, haukushika mkono hata mmoja
ila wangu.
Embrik, mpiga kengele wa kanisa, akanikunja mkono wa shati:
"Ya Guri imeiva. Leo siku ya nane.
Ng'ambo ya mlima hawajachanjwa hata mmoja."
Mama akanifunga shali mbili. "Usimwangushe."
"Nikianguka," akasema, "nitaanguka chini yake."

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Theluji ilimfika magotini.
Mgongo wake ulinuka tumbaku na nta ya mishumaa.
Alihesabu hatua kwa mwendo wa kengele za maziko,
akashtuka, akaanza upya kwa mwendo wa ubatizo.
Tulipopumzika hakuuliza, "Umechoka?"
Aliuliza, "Umejikuna?"

Lengelenge lilikuwa punje ya shayiri,
lina kishimo katikati, kama kitovu.
Lilikuwa na joto. Niliogopa lisije likaganda.

Watoto saba kwenye benchi, mabega wazi, meno yanagongana.
Kijembe kinagusa kwangu, kinagusa kwao,
kwangu, kwao,
nami najisikia nikipungua.
Wa nane, Tollef, mama yake alimkumbatia kwa mikono yote miwili:
"Ng'ombe namkamua. Simtii mwanangu damuni."
Embrik hakubishana. Alifuta kijembe kwa kitambaa,
akaniombea maziwa ya moto.

Theluji ilipoyeyuka, ndui ikapanda bonde lile.
Saba wakaendelea kucheza.
Tollef alilazwa gizani siku kumi na tisa,
mikono imefungwa soksi asijikwaruze.
Dada yake mchanga hakuamka.

Miaka ikapita. Tukasimama, yeye na mimi, mbele ya mchungaji.
Sheria ni sheria: asiye na cheti cha chanjo haozwi.
Nikatoa karatasi yangu, imekunjwa mara nne.
Tollef hakuwa na karatasi.
Mchungaji akainua taa, akamtazama mashavu,
shavu hili, kisha hili,
akachovya kalamu, akaandika: *Amekwisha kuugua.*

Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma. Hakuinua macho.

Sasa sote tuna mvi.
Usiku mwingine, usingizi ukitukimbia,
napapasa vishimo usoni mwake, navijua kimoja kimoja,
naye anatafuta kovu begani mwangu, analiwekea kidole gumba.
"Tone langu," husema.
"Ulirudi nalo."