Githeri

Hapakuwa na jani hata moja pale Ruwi.
Mchanga tu, umemwagiwa mafuta machafu
ukapitishwa rola mpaka ukashikana,
na milingoti minne ya mabomba ya kampuni
niliyoipaka rangi mwenyewe.
Mistari pia ni yangu: chokaa, kamba, na mgongo.

Wakaja vijana wa Nairobi, safari yao ya kwanza
kuvuka maji kwa ajili ya raga,
jezi nzito zilizofumwa kwa baridi ya Julai.
Mmoja, Wabwire, mabega kama kabati la harusi,
akaugusa mchanga kwa kidole, akakinusa,
akawauliza wenziwe:
"Hapa tunacheza ama tunakaangwa?"

Nikainama haraka kufunga kamba za viatu.
Nilikuwa nimevaa ndara.

Miaka kumi na mitatu tangu nishuke Matrah
Kiswahili chetu kilikuwa cha jikoni,
cha kumkanya mtoto mgeni asijue,
cha kulia msiba baada ya wageni kwenda zao.
Leo kinapigwa kelele kiwanjani, jua la saa tisa,
na wanaume kumi na watano wasiomwogopa mtu.

Mpira ukitoka nje wanapanga mistari miwili,
mrushaji anapaza sauti:
"Ugali!", unamwendea wa mbele.
"Sukuma!", wa katikati anaruka.
"Githeri!", unawapita wote mpaka nyuma kabisa.
Hilo la tatu sikulijua.
Lakini macho nayo yana chuo chake.

Mapumziko, Bwana Hadley akanijia na taulo shingoni.
Timu yake, watu wa mafuta na watu wa benki,
imeachwa pointi tatu.
"Wewe si wa Zanzibar? Wanapiga kelele gani wale?"

Nikawatazama. Wananyonya machungwa,
magoti yamechunika kama samaki aliyeparwa,
aidini inawachoma na hakuna anayesema ah.
Mshahara wangu huandikwa kwa kalamu ya Hadley.

"Wana njaa, bwana," nikamjibu.
"Wanataja chakula."

Nimeulizwa, nimejibu. Uongo uko wapi?

Walishinda kwa nne, au sita, sikumbuki.
Nakumbuka nikiwapelekea ndoo ya maji ya moto
na ulimi ukaniponyoka:
"Githeri ndiyo kitu gani?"

Chumba kizima kimya.
Plasta ikabaki hewani mkononi mwa Wabwire.
"Mahindi na maharage," akasema polepole,
kama mtu anayehesabu chenji.

"Kumbe kande," nikasema. "Kande tu!"

"Ulikuwa unajua. Tangu mwanzo."

"Osha magoti," nikamwambia. "Maji yanapoa."

Asubuhi nilikuwa nafuta mistari ya jana kwa ufagio
basi lao likapita kuelekea uwanja wa ndege wa Sib.
Dirisha likafunguka, kichwa kikatoka, kisha mkono:
"Ugali!"

Nami niliyekwisha sahau hata ladha yake
nikajikuta nimeruka, mikono miwili juu, mbele kabisa,
mpira hakuna, ufagio chini,
na Bwana Hadley amesimama mlangoni
ananitazama.