Kofia za Kioo

Genovaitė alinikabidhi ufunguo wa stoo ya chini ya jengo
siku moja kabla hajahamia kwa mwanawe, Klaipėda.
"Rafu zote sasa ni zako," akasema,
"ila ile ya dirishani, Januari usiiamini."
Sikumwuliza kwa nini.
Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, sijawahi kuchachua hata tango moja,
na nilijiona najua kusoma maelekezo.

Agosti yote nikanuka shibiti.
Majani ya mcheri, vitunguu saumu,
chumvi niliyoipima kwa kijiko, kisha kwa jicho,
kisha kwa imani.
Chupa kumi na tisa. Nikaziandika tarehe kwa rangi nyeupe,
nikazishusha ngazi mbili mbili, kama watoto waliolala,
karoti nikazizika kwenye ndoo ya mchanga,
nikazima taa,
nikaiwasha tena ili nizitazame.
Tajiri.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Wahenga hao hawakuwa na stoo Panevėžys.
Novemba kifuniko kimoja kikavimba
kama shavu la mwenye jino bovu.
Nikampigia simu.
"Usionje, hata kwa ncha ya ulimi. Mwaga."
Lakini ni moja tu, nikasema, na maji yake bado maangavu.
"Mwaga, mwanangu. Tumbo halijui samahani."
Nikamwaga. Desemba nikamwaga tatu nyingine.
Na baada ya usiku wa digrii ishirini na mbili chini ya sifuri
nilikuta mbili za dirishani zimevaliwa na matango tu:
yamesimama wima ndani ya barafu yenye umbo la chupa,
na chupa yenyewe vigae sakafuni.

Zilizobaki nilizila nikitoka zamu ya usiku,
kwa mkate mweusi, sijavua hata koti.
Chumvi ilizidi. Nilizila zote.

Februari, theluji bado magotini, mikono ikaniwasha.
Nikapanda nyanya kwenye trei za mayai,
mbegu alizozikaushia Genovaitė juu ya risiti ya duka la dawa,
zimegandamana na bei ya vidonge vyake vya presha.
Siku ya saba, shingo ya kwanza ya kijani,
imeinama, ganda la mbegu bado kichwani.
"Njoo uone!" nikaita,
kisha nikakumbuka naishi peke yangu.

Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia mchana,
usiku nikamwagilia kwa upweke.
Miche ikarefuka, myembamba kama uzi, yote imeegemea kioo
kama abiria wa treni iliyokwisha kupita.
Kisha mashina yakasinyaa pale yanapogusa udongo.
Arobaini na moja. Kwa siku tatu.

"Umeipenda mno," akasema, "tena mapema mno.
Jua la Februari ni picha ya jua."
Zilibaki mbegu kumi na nne, upande wa jumla kuu.

Mwisho wa Machi kumi na moja zikaota.
Nikainyima miche maji mpaka udongo upauke.
Kila nikipita naipitishia kiganja juu juu,
niwe upepo, ili ikaze miguu.

Katikati ya Mei imeshahamia bustanini, nyuma ya reli,
redio ikatangaza jalidi. Saa nne usiku.
Sina turubai, sina nyasi kavu.
Nina chupa kumi na tatu tupu.
Nikazipakia kwenye baiskeli, na gizani, kwa tochi mdomoni,
nikaivisha miche moja moja, midomo ya chupa chini.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kama chumvi yangu.
Ndani ya kila kioo mvuke, na nyuma ya mvuke kitu cha kijani,
na tarehe zangu za Agosti zimesimama kichwa chini.
Kumi iko wima. Wa kumi na moja umenuna, lakini upo.
Chupa mbili za ziada nikazirudisha kikapuni.
Ziligongana njia nzima.