Jani la Mpapai

Kililetwa kwa mkokoteni kutoka Kizingo,
kimeviringwa leso mbili na gazeti la mnada,
Bi Mafunda akitembea kando, mkono juu yake
kama anayesindikiza mgonjwa.

"Kioo kitoe," akasema. "Kimeota madoa.
Fremu ndiyo niitakayo. Dhahabu ya Waingereza hiyo."

Nikakilaza kifudifudi mezani.
Mbele mfalme, nyuma masikini:
ubao wa msonobari, gundi ya ngozi,
misumari iliyofuliwa mmoja mmoja,
hakuna uliofanana na mwenzake.
Mchwa wa Mombasa walikwisha kuionja Uingereza.

Mimi hukata. Babangu alikata milango ya Ndia Kuu:
patasi huondoa, na kilichobaki ndicho ua.
Huyu alijenga. Chokaa juu ya chokaa,
tabaka nane, nyembamba kama utando wa uji,
kisha udongo mwekundu, kisha dhahabu
nyepesi kuliko pumzi ya mtoto.

Na pale pembeni, ndani ya gundi iliyokauka,
alama ya gumba.
Gumba kubwa, lina kovu la patasi
palepale langu lilipo.

Nilikaa kimya. Muuza kahawa akapita na vikombe vyake,
sikumwita.

Jani moja lilikuwa limepotea. Jani gani, sijui;
mti wake sijauona, na Bi Mafunda hajauona.
Yaliyosalia yamechanikachanika, yamejikunja ncha
kama mtu aitaye kwa kidole.
Nikatoka uani kunyoosha mgongo,
na mpapai ukanionyesha kiganja.

Basi nikachonga hilo.

Siku ya dhahabu nilizima feni, nikafunga madirisha,
Kaskazi yote ikabaki nje ikigonga.
Jasho lilifika kwenye nyusi, likasita. Sikupumua.
Kisha nikasugua kwa kauri ya marehemu mama,
taratibu, mpaka ikaitika.

Kioo sikukitoa. Nilimtajia Bi Mafunda gharama,
na nilisema kweli, ila si yote.
Akajitazama katikati ya madoa, akaweka sawa buibui,
akayahesabu majani kwa kidole, moja, moja,
akalipita langu.

Nyuma, gundi ilipokuwa bado mbichi,
nilikwisha kubonyeza gumba kando ya gumba.
Ukuta wa sebule yake, huko Kuze,
ndio uyaonao.