Mizani

Usiku naandika mwezi, nyota, moyo,
nahesabu mizani kwa vidole vyenye vumbi la korosho:
sita, saba, halafu mstari unazimika
kama balbu ya ghala letu.

Asubuhi, Tandahimba, foleni imefika barabarani.
Mimi karani: napima, naandika, nagonga muhuri.
Bi Somoe Chinduli anashusha gunia kwenye baiskeli,
kipande cha mpira aliofungia bado kiko mkononi.
Sabini na mbili, namwambia.
Natoa kilo ya gunia, inabaki sabini na moja.

Anautazama mshale mpaka unatulia.

"Na gunia linakula? Lilipalilia lini?"

Foleni inaangua kicheko. Mimi naganda,
kalamu juu ya stakabadhi:
nane.
Na nane tena.

Yeye hakuhesabu kitu. Alikuwa anadai kilo yake.

Nimeyaandika nyuma ya nakala ya njano,
mahali ambapo mkaguzi hafunui.
Mwezi na nyota nimevifuta.

Ila usingizi umenipaa.
Nilimkata kilo, nikamchukulia na mshororo,
na stakabadhi aliyokwenda nayo nyumbani
inaonyesha kimoja tu.