Kamba ya Usumba

Chupa aliyoniletea Shaame kutoka Wete
bado iko darini, haijafunguliwa.
Ina picha ya fuvu; na kuku wangu wanapekua uani,
na Mize, mjukuu, hutia kila kitu mdomoni.

Nikaenda Mtambwe kwa Bi Asaa
na foronya moja kuukuu.
Tukakata tawi la mkarafuu lenye kiota,
majani yameshonwa mshono unaomshinda mshona kofia.
Majimoto wakanipanda hadi kwapani.
Bi Asaa akacheka mpaka akakaa chini:
"Vumilia, shoga, wageni hao."

Kiota nikakitundika kwenye mbalungi.
Kutoka mbalungi hadi mdimu
nikafunga kamba ya usumba, iwe daraja.
Siku tatu hawakuiona.
Ya nne, alfajiri, natoka kutawadha:
mmoja, wawili, halafu msururu,
wamembeba kiwavi kama jeneza,
kila mmoja anagombea bega.

Tungule sikuwaachia. Hizo nazinyunyizia mwenyewe
maji ya muarobaini yaliyolala usiku kucha,
machungu hata harufu yake.

Sisemi nimeshinda.
Vidukari wengine majimoto huwafuga kama ng'ombe,
wakiwakama mbele yangu, na mie nakodoa macho tu.
Lakini mwaka huu ndimu zina maji,
na kila nikichuma
lazima mmoja aning'ate shingoni.
Nasema haya, napaka mate.
Ujira wao ndio huo,
sijawahi kuuchelewesha.