Nafasi ya Mshono

Utepe huu nimeuzungusha viuno vya Utaani nzima:
mabiharusi, waja wazito, mwalimu Salhina na dada zake wanne.
Siku hiyo nikaurudisha mlango,
nikauzungusha kwangu.
Mia moja na nane.
Nikausoma tena, kama kiuno cha mteja.
Angekuwa mteja ningemwambia:
kitambaa hakitoshi, mama, kaongeze yadi.

Kliniki, Nesi Ruzuna akanipandisha mizani.
Tisini na mbili.
Nikamwambia, nipe mia nane.
Mia nane nini?
Kalori. Kwa siku. Mwanangu Asya anaolewa Mfunguo Sita.

Hakunijibu. Akalishika shati langu kwapani,
akaugeuza mshono nje.
Wewe fundi, ukimshonea mtu gauni
usimwachie nafasi hata ya kidole, huwaje?
Hupasuka.
Lini?
Siku ya shughuli, nikasema, mbele za watu.
Basi, akasema, akachukua kalamu.

Mwili wako, na kazi yako ya kukaa,
unaunguza kama elfu mbili na mia moja kwa siku.
Toa mia tano.
Elfu moja na mia sita ndiyo haki yako.
Uile yote. Usiidhulumu.

Sikuwahi kuambiwa chakula ni haki yangu
na mtu anayenipunguzia.

Nikaiandika kwa chaki ya kukatia, mlangoni mwa jiko:
1600.
Marehemu mama hakunifunza gramu.
Alinifunza, tia mpaka moyo useme basi,
na moyo wangu, Mungu ausamehe,
haujapata kusema.
Kikombe cha tui la kwanza, karibu mia tano!
Nikakaa juu ya mbuzi, nazi nusu mkononi,
nikaitazama kama mtu aliyesikia habari za jirani yake.
Chai vijiko vitatu, vitumbua viwili vya kusubiria chai,
kimoja cha kuisindikiza.
Haba na haba hujaza kibaba.
Kibaba chenyewe mimi.

Wiki ya kwanza nilikuwa mkali kama hakimu.
Ya pili, Bi Mgeni akanipitishia bakuli la kisamvu,
limefunikwa kawa, mafuta ya nazi yanang'aa pembeni.
Bakuli halirudi tupu, wala halirudi na udhuru.
Nikala vijiko sita, nikaandika,
nikamrudishia na mapapai.

Lakini khitma ya Limbani!
Sinia moja, wanawake watano,
wali umepanda kama kichuguu.
Nani anahesabu ndani ya sinia?
Hesabu ya Ruzuna ina sahani ya mtu mmoja,
na mimi tangu nizaliwe sijala peke yangu.
Nikapitisha kidole kwenye wali, taratibu,
kama ninavyochora mstari wa kukata:
huku kwangu, huko kwenu.
Hawakuuona mpaka,
ila shangazi Mwanaate, ambaye huona kila kitu,
akalichukua pande la nyama, akalivusha:
Kula, mwanangu, umekonda.
Nilikuwa nimepungua kilo moja na robo.

Nikalila. Na kitamu kilikuwa kitamu.
Usiku nikaandika kwenye daftari la vipimo,
baina ya mikono ya mtu na mabega ya mtu:
nyama ya shangazi, sijui.
Kesho yake sikujifunga njaa kuilipa.
Nilianza upya, elfu moja na mia sita,
samaki wa kuchoma, ndimu, mchicha,
muhogo kipande kama kiganja changu.

Jana utepe umesema mia moja na nne.
Gauni langu la arusi ya Asya liko mezani,
la kijani, nimeshalikata.
Ndani ya mishono nimeacha vidole viwili vya kitambaa,
sijui nitakuja kulibana
au kulifumua.
Chaki mlangoni imeanza kufutika kwa mvuke.
Nimeikoleza ile sita,
nikabandika maji ya chai.