Rejesho

Barua ilikuja Jumatatu,
nikaifungua kwa kisu cha kukatia sabuni.
Shirika la bima linatoa salamu,
linashukuru kwa mwaka wa madai machache,
na kwa hivyo linarejesha
milioni moja, laki sita na arubaini elfu
kwa mwajiri.

Kwa mwajiri. Nikalisoma neno hilo mara tatu,
mimi Raya binti Shaame, karani wa mishahara,
ambaye kila tarehe ishirini na saba
hukata elfu nane kwa kila jina,
majina arubaini na moja,
na kampuni hutia elfu nane zake juu yake.
Mkono wangu unaijua njia hiyo
hata umeme ukizimika Wete nzima.

Madai machache!
Nani aliyeyafanya machache?
Bizume wa chumba cha kufungia
alikohoa tangu Rajabu hadi Mfunguo Mosi,
dawa yake tangawizi na kitunguu thomu,
maana siku ya hospitali haina ujira.
Faki Kai wa sufuria la magadi
aliungua hadi kiwiko,
akapaka mshubiri, akarudi zamu ya mchana.
Hawakuwa wazima, jamani.
Walikuwa kimya tu,
na kimya chao kimepigwa muhuri,
kimerudi kama faida.

Bwana Mbarouk akacheka:
"Riziki haipigi hodi. Tutapaka rangi ukuta wa mbele."
Nikamwambia, haba na haba imejaza kibaba, sawa,
lakini kibaba hiki kimejazwa na mikono miwili.
"Raya, usinifanyie hesabu za skuli."
Nikamfanyia, palepale, nyuma ya bahasha yake:
nusu yetu laki nane na ishirini elfu,
gawa kwa arubaini na moja.
Elfu ishirini. Haibaki hata senti.

Alinuna siku nne.
Ya tano akatia saini bila kuniangalia,
na ukuta wa mbele ungali na ukungu wake.

Elfu ishirini si mali.
Bizume alinunua viatu vya mtoto.
Mwengine aliniuliza huu ni mkopo wa nani.
Bahasha moja haikuchukuliwa:
Faki aliacha kazi mwezi wa pili.
"Hayumo kwenye daftari," akasema Bwana Mbarouk.
La leo, kweli, hayumo.
La makato yumo, mstari wa kumi na saba,
miezi kumi na mbili, hakuruka hata mmoja.

Ijumaa nikaenda Konde.
Nilimkuta barazani anamenya muhogo
kwa mkono wa kushoto.
"Sadaka ya nini hii?"
Si sadaka, nikasema. Chako, kimechelewa njiani.
Akazihesabu noti juu ya goti, taratibu,
kisha akaniuliza, kwa upole kabisa,
kama ile bima ingeutibu mkono.

Ingeutibu.
Kadi zote arubaini na moja
zilikuwa kabatini mwangu,
na ufunguo ninao mimi.